Usukani wa ndege ya kivita kwa mbao za mninga na breki ya baiskeli

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

KIJANA anayekulia Kiembe Samaki au Kisauni hana haja ya kutazama juu ili kujua ndege gani inapita. Huzijua kwa sauti: ile ndogo ya abiria wachache inayovuka kutoka Dar es Salaam, ile yenye mapanga mawili inayonguruma kwa uzito zaidi, na lile dege la watalii kutoka Ulaya ambalo hutikisa mabati ya nyumba linaposhuka. Wengi hutamani siku moja kukaa mbele badala ya kuchungulia kwenye uzio. Wanaofika huko ni wachache mno.

Sababu inajulikana. Kiwango cha chini kilichowekwa kimataifa kwa leseni ya rubani binafsi ni saa 40 za kuruka, na kila moja ya saa hizo huteketeza mafuta, muda wa mwalimu na kodi ya ndege. Kwa mzazi anayeuza samaki Malindi au anayefundisha skuli Mwanakwerekwe, hesabu hiyo haina pa kuanzia.

Kati ya uzio na chumba cha rubani, hata hivyo, ipo nafasi moja ambayo haikuwapo zamani. Ni programu za kompyuta zinazoigiza urubani, ambazo katika makala haya tutaziita simuleta. Baadhi yake ni za bure, kama vile FlightGear, ambayo hutengenezwa na watu wanaojitolea katika nchi mbalimbali na ambayo ikishapakuliwa haihitaji intaneti ili iruke. Ndani yake umo uwanja wetu wa Abeid Amani Karume, na zimo pia ndege za kivita kama F-16 na MiG-21.

Kikwazo ni mkono. Anayerusha ndege kwa kibodi ya kompyuta anabonyeza au habonyezi. Kitufe hakijui nusu wala robo. Ndege haiendeshwi hivyo. Rubani huvuta fimbo kwa upana wa kidole, akaiachia kidogo, akairudisha tena, na kazi yote ya kutua salama imo katika hivyo vidogo. Anayejifunza kwa kibodi anazoea mkono wa kupigapiga, na mazoea hayo si rahisi kuyaondoa.

Fimbo za dukani zipo, lakini zile nzuri zinazofanana na za ndege halisi za kivita bei yake inalingana na ya kompyuta yenyewe au kuizidi, na bado zisafirishwe kutoka nje. Ndiyo maana duniani kote wapenzi wa simuleta wamekuwa wakizitengeneza wenyewe. Kwa mji wenye maseremala, mafundi redio na mafundi Vespa kama mji wa Unguja, kazi hii si ngeni kama inavyosikika.

Kwanza tuelewane fimbo ni nini. Neno rubani tumelitoa baharini. Kabla ya ndege kuwapo, rubani alikuwa yule mjuzi aliyekiongoza chombo kati ya miamba hadi bandarini. Jahazi lina usukani nyuma, na juu yake kuna kana, mti anaoshika mshika usukani. Akiisukuma kana upande mmoja, chombo hugeukia upande wa pili. Fimbo ya ndege ni kana inayofanya kazi mbili kwa pamoja. Ikisukumwa mbele, pua ya ndege huinama. Ikivutwa nyuma, pua huinuka. Ikilazwa kulia au kushoto, bawa la upande huo hushuka na ndege hujilaza. Kugeuza pua kushoto na kulia bila kulaza mabawa ni kazi ya miguu, kwa pedali.

Mfaransa Robert Esnault-Pelterie ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa fimbo moja ya namna hii, katika mwaka 1907, na Mfaransa mwenzake Louis Blériot aliieneza kwa ndege yake iliyovuka mlango wa bahari wa Uingereza Julai 25, 1909. Haikupita miaka mingi ndege zikawa vitani, na vita hivyo havikuwa mbali nasi. Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Ilipokwenda kujificha katika matawi ya mto Rufiji, Waingereza waliitafuta kwa ndege. Mwanzo kwa ndege za majini zilizorukia kisiwa cha Nyororo, kisha mwaka 1915 kutoka kiwanja kilichofyekwa Mafia. Ndege zilizoonyesha mizinga ya meli pa kulenga siku Königsberg ilipomalizwa, Julai 11, 1915, ziliongozwa na marubani waliokaa wazi kwenye upepo. Katika vita hivyohivyo baadhi ya ndege za Uingereza ziliandikwa ubavuni jina la Zanzibar, kwa kuwa zilitolewa kwa mchango wa serikali ya visiwa hivi.

Simuleta nayo ina historia inayotuhusu zaidi kuliko tunavyodhani, angalau kwa wapenzi wa taarab. Mmarekani Edwin Link aliunda mashine yake ya kufundishia urubani mwaka 1929 katika kiwanda cha baba yake, na kiwanda hicho kilikuwa cha vinanda. Kilichoinua na kuinamisha kijindege chake cha mbao kilikuwa mivukuto ya ngozi, ndugu wa ile inayovuta pumzi ndani ya kodiani. Watu walikiona kama kitu cha kuchezea, na baadhi kiliuzwa kwa viwanja vya burudani. Mwaka 1934, baada ya marubani wa jeshi la Marekani kufa mmoja baada ya mwingine wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi hilo lilinunua mashine sita. Kuanzia hapo hakuna aliyecheka.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Uamuzi wa kwanza ni fimbo ya ndege gani, na wengi hukimbilia F-16 kwa sababu ya sinema. Fimbo ya F-16 iko ubavuni mwa kiti, upande wa kulia, na karibu haisogei kabisa. Hupima nguvu ya mkono badala ya mwendo. Inapendeza, lakini kuiiga kwa ukweli kunahitaji vipima nguvu na saketi za kukuza umeme mdogo sana. Kwa anayeanza hiyo ni njia ya kukata tamaa.

Spitfire ya Waingereza ina mshikio wa duara kama mpini wa sepetu, na nusu ya juu ya fimbo hujikunja kulia na kushoto kwa bawaba, kwa kuwa chumba cha rubani kilikuwa chembamba mno hata fimbo nzima isingeweza kupita kati ya mapaja. Ni nzuri, ila hiyo bawaba ni kazi ya pili juu ya kazi.

Mapendekezo ya mwandishi wa makala haya ni MiG-21. Ndege nyingi za kivita za Jeshi la Wananchi zimetoka China tangu miaka ya 1970, kipindi ambacho China ilisaidia kujenga kituo cha Ngerengere mkoani Morogoro, na aina ya F-7 ni nakala ya Kichina ya MiG-21 ya Kisovieti. Fimbo yake inatoka sakafuni kati ya magoti, ndefu, yenye mshikio usio na mapambo mengi. Zaidi ya hayo ina kitu ambacho fundi wa Darajani anacho tayari katika kapu lake: mbele ya mshikio kuna breki ya mkono. Ukiibana, hewa iliyoshindiliwa hupelekwa kwenye breki za magurudumu, na pedali ndizo huamua gurudumu lipi libanwe zaidi. Mkono wa breki ya baiskeli ya kawaida, iliyochongwa kidogo kwa tupa, hukaa mahali hapo kana kwamba uliundwa kwa ajili hiyo.

Urefu wa fimbo nao una faida ya kihesabu. Fimbo ya mezani yenye urefu wa sentimita 10 ikiinama nyuzi moja, mkono unasogea chini ya milimita mbili. Fimbo ya sakafuni yenye sentimita 60 ikiinama nyuzi hiyohiyo moja, mkono unasogea sentimita nzima. Mkono wa binadamu ni mzito wa kupima milimita mbili, lakini sentimita unaipima bila shida. Kwa hiyo fimbo ndefu iliyotengenezwa kwa vifaa hafifu mara nyingi huishinda fupi ya bei kubwa.

Moyo wa chombo hiki ni egemeo lake la chini. Anayetaka kulielewa aingie duka lolote la vitu vya kale mtaa wa Gizenga aombe kuonyeshwa dira ya jahazi. Dira ile ya shaba imening'inizwa katika pete. Pete inazunguka juu ya ekseli mbili za kulia na kushoto, na dira yenyewe inazunguka ndani ya pete kwa ekseli za mbele na nyuma. Chombo kikiyumba, dira hubaki imelala sawa. Egemeo la fimbo ni dira hiyo iliyopinduliwa matumizi: fremu ya nje imefungwa kwenye ubao na haisogei, fremu ya ndani inazunguka upande mmoja, na fimbo inazunguka ndani yake upande wa pili. Kila mwendo una ekseli yake na haumwingilii mwenzake.

Fremu hizo mchomeleaji wa madirisha na mageti atazikata kwa bati nene au chuma cha pembe kwa muda mfupi. Asiye na mchomeleaji atumie mbao ngumu. Kisichoruhusiwa kufanyiwa ubahili ni beringi. Ekseli inayozunguka ndani ya tundu la mbao tupu hukwama kidogo kabla ya kuanza kwenda, na kukwama huko kidogo ndiko kunakoharibu kila kitu: unasukuma, haiendi, unaongeza nguvu, inaruka kupita ulipotaka. Beringi nne ndogo kutoka kwenye mota za feni zilizokufa zinatosha, mradi zimesafishwa kwa mafuta ya taa na kuwekewa grisi nyepesi. Na tundu za pande mbili ni lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Fundi asizitoboe moja moja. Afunge vipande viwili pamoja kwa jiriwa na apitishe keekee mara moja tu.

Springi za kurudisha fimbo katikati hazihitaji duka. Zile za kurudishia breki za Vespa au pikipiki ndizo zenye nguvu inayofaa kwa fimbo ndefu. Zifungwe mbili kwa kila mwendo, zikivutana, na zisiwe zimelegea hata fimbo inapokuwa wima. Springi iliyolegea katikati huacha uwazi ambamo fimbo inacheza kama jino bovu.

Hapa ndipo tunafika kwenye umeme, na hapa ndipo wengi hupotea.

Kompyuta inahitaji kuambiwa fimbo imeinama kiasi gani. Kifaa cha zamani na rahisi ni potenshiometa, yaani ile volyumu ya redio. Ni mkanda wa kaboni wenye umeme, volti tano upande mmoja na sifuri upande mwingine, na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Kikiwa katikati kinasoma volti mbili na nusu. Ukifunga mhimili wake kwenye ekseli ya fimbo, umeshapata kipimo.

Fundi redio yeyote wa Mlandege atakupa volyumu kutoka redio mbovu, pengine bure. Usiichukue kabla ya kuipima. Sikio la mwanadamu halisikii sauti kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo volyumu nyingi za redio zimetengenezwa zipande polepole mwanzo na kwa kasi mwishoni. Ukiifunga hiyo kwenye fimbo, ndege itakuwa mvivu upande mmoja na kichaa upande mwingine, na utalaumu programu bure. Volyumu ya ukinzani wa omu 10,000 ikigeuzwa nusu njia inapaswa kusoma kama omu 5,000 kwenye mita ya fundi. Ikisoma elfu moja au moja na nusu, irudishe. Zinazotoka Asia mara nyingi huandikwa herufi B kwa zile zilizonyooka na A kwa zile za sauti.

Kuna mtego wa pili. Volyumu imeundwa kuzunguka kiasi cha nyuzi 300, ilhali fimbo yako inatembea nyuzi 40 tu, yaani 20 kila upande. Kibao cha kompyuta tutakachokitaja baadaye hugawa safari nzima ya volyumu katika hatua 1,024. Kwa nyuzi 40 unapata hatua kama 136 tu, na ndege huonekana ikiruka kwa vijihatua badala ya kuteleza. Dawa yake ni gia mbili za plastiki kutoka printa iliyotupwa: kubwa kwenye ekseli, ndogo kwenye volyumu, kwa uwiano wa moja kwa nne. Hapo volyumu huzunguka nyuzi 160 na hatua zinafika takribani 546.

Mtego wa tatu ni wa kwetu hasa. Hewa ya Mji Mkongwe imejaa chumvi. Anayekaa Forodhani anajua bawaba za dirisha lake zinavyoliwa. Mkanda wa kaboni na kidole chake cha chuma navyo huliwa, na baada ya miezi kadhaa fimbo huanza kutetemeka yenyewe ilhali hakuna aliyeigusa. Fimbo ya kwanza ya mwandishi wa makala haya iliishi msimu mmoja wa masika. Kufikia kusi ilikuwa ikiilaza ndege kushoto peke yake, kama chombo kilichopakiwa vibaya.

Kwa sababu hiyo, anayeweza kupata kihisi cha sumaku asifikirie mara mbili. Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na kipande kinachopitisha umeme, volti ndogo huzaliwa ubavuni mwake. Vihisi vinavyofanya kazi kwa kanuni hiyo, kama kile kiitwacho 49E, ni vidogo kuliko punje ya kunde na vina miguu mitatu: umeme, ardhi na jibu. Kihisi hubandikwa kwenye fremu isiyosogea, na sumaku mbili ndogo, hata za spika za sikioni, hufungwa kwenye ekseli pande zake mbili zikitazamana kwa ncha zinazovutana. Fimbo ikiwa wima kihisi hutoa nusu ya volti kilizopewa; ikiinama, volti hupanda au kushuka. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholiwa. Pakaa rangi ya kucha kwenye miguu iliyolehemiwa ili chumvi isiifikie.

Mshikio ni kazi ya seremala, na hapa Unguja haina haja ya kusifiwa. Mji ambao milango yake ilichongwa kwa misaji na mifenesi hautashindwa na kipande cha urefu wa shubiri moja. Mninga unafaa kwa kuwa haupasuki ovyo na hunyenyekea kwa msasa. Mvule pia unafaa. Chapisha picha ya mshikio kwa ukubwa wake halisi, ya ubavuni na ya mbele, ibandike juu ya mbao na ukate kwa kufuata mistari. Kisha, kabla ya kuchonga mviringo, pasua kipande katikati kwa urefu. Kila nusu ichimbwe kwa patasi kuacha njia ya waya na vyumba vya swichi, halafu zifungwe kwa skurubu na ndipo uchongaji wa nje uendelee. Anayechonga kwanza na kupasua baadaye hupoteza upana wa msumeno na nusu zake hazikutani tena.

Pima kwa mkono wa mtumiaji. Mishikio halisi iliundwa kwa askari wazima wenye glovu, na kijana wa miaka 14 akiishika kidole chake hakifiki kwenye kifyatulio. Hapa si dhambi kupunguza kidogo.

Vitufe havina ugumu. Swichi ndogo zilizomo ndani ya kipanya kilichoharibika hulia "tik" safi na hudumu. Kifyatulio cha ndege nyingi za kivita kina hatua mbili: ukikivuta nusu, kamera huanza kazi, ukikivuta hadi mwisho, bunduki hulia. Swichi mbili za kipanya zilizopangwa moja nyuma ya nyingine hufanya vivyo hivyo. Juu ya mshikio weka kitufe cha kidole gumba cha kusawazishia ndege, kinachokwenda pande nne, ili mkono usichoke kuvuta fimbo safari nzima. Vitufe vikiwa vingi usivute waya miwili kwa kila kimoja. Vipange kwa safu nne na mistari minne, na waya minane itahudumia vitufe 16. Kila kitufe kiwekewe dayodi yake, la sivyo ukibonyeza vitatu kompyuta itaona vinne.

Kinachokusanya habari hizi zote na kuzipeleka kwenye kompyuta ni kibao cha Arduino, mradi ulioanzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi. Si kila aina inafaa. Inayotakiwa ni Leonardo au ndugu yake mdogo, Pro Micro, kwa sababu chipu yake inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kuwa ni usukani wa michezo bila programu ya ziada. Maandishi ya kuiamuru yapo tayari na ni ya bure. Mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa kwanza atayaelewa jioni moja. Vibao hivi hupatikana Kariakoo, Dar es Salaam, na huja na mtu yeyote anayepanda boti. Umeme wake ni volti tano za waya wa USB, hauna hatari kwa mtoto. Hatari iko kwenye kulehemu: vyumba vya Mji Mkongwe ni vizito na moshi wa risasi haupendezi mapafuni, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike barazani au juu ya dari, kwenye upepo.

Fimbo ikishaungwa, inabaki kuifundisha adabu, na sehemu hii hupuuzwa na wengi. Januari 20, 1974, katika kambi ya Edwards jimboni California, rubani Phil Oestricher alikuwa akiijaribu ndege mpya ya YF-16, mama wa F-16 zote. Hakutakiwa kuruka siku hiyo. Ilikuwa ni kukimbia tu juu ya njia kwa kasi. Fimbo ya ndege ile haikusogea hata kidogo, na mitambo iliitikia kila msukumo kwa ukali uliopita kiasi. Ndege ikaanza kujilaza kushoto na kulia, kila sahihisho la rubani likizidisha kosa, hadi sehemu ya mkia ikakwaruza ardhi. Oestricher aliona kuruka ni salama zaidi kuliko kubaki chini. Akaongeza moto, akapaa, akazunguka kwa dakika sita na kutua. Ruko rasmi la kwanza lilifanyika Februari 2, baada ya ukali ule kupunguzwa, na baadaye fimbo yenyewe iliruhusiwa kusogea kidogo, kiasi cha robo inchi, ili mkono wa rubani ujue umefanya nini.

Fimbo ya nyumbani ina ugonjwa huohuo. Katika mipangilio ya simuleta kuna mchoro wa mstari unaoonyesha mwendo wa mkono na jibu la ndege. Upinde mstari huo ili karibu na katikati ndege iitikie polepole na pembeni iitikie kwa nguvu. Kuna pia eneo la katikati lisiloitikia kabisa. Liwe dogo iwezekanavyo, kwani anayelikuza ili kuficha egemeo bovu anajidanganya mwenyewe.

Kisha jaribu nyumbani. Njia ya kurukia ya uwanja wetu ina urefu wa takribani mita 3,000 na imelala kaskazini na kusini. Wakati wa kusi ndege huja kutoka kaskazini, zikipita karibu na mji. Wakati wa kaskazi huja kutoka upande wa Fumba. Weka katika simuleta upepo wa kusi kutoka nyuzi 150, kilomita 28 kwa saa, na ushuke kuelekea kusini. Kilomita 14 kati ya hizo zitakupiga ubavuni kutoka kushoto. Fimbo iliyotengenezwa vizuri itakuruhusu kulilaza bawa la kushoto kidogo tu na kulishikilia hapo, huku mguu wa kulia ukinyoosha pua. Mbovu itakuonyesha kila kasoro ya egemeo lako katika sekunde 20 za mwisho, na utajua ni beringi ipi ya kurudi kuifungua.

Anayesoma haya asidhani kwamba saa za chumbani zitaandikwa katika daftari la rubani. Mamlaka ya Usafiri wa Anga haihesabu muda wa kompyuta ya nyumbani; mashine za kufundishia zinazohesabiwa ni zile zilizokaguliwa na kuidhinishwa. Wala fimbo haifundishi uzito wa mwili katika kona kali, harufu ya mafuta, au woga. Kinachobaki mkononi ni kile kipimo cha robo na nusu, na mazoea ya kutazama mbele ya ndege badala ya kuifukuza. Ni vizuri pia kujua kwamba ndege nyingi ndogo zinazotua hapa, kama Cessna Caravan, zina usukani wa mikono miwili. Lakini Airbus A220, ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea Desemba 2018, huongozwa kwa fimbo ndogo ya ubavuni, binamu wa ile ya F-16.

Kuhusu umeme wa nyumbani, waliokuwapo Unguja wakati giza lilipodumu karibu mwezi mmoja mwaka 2008, na miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, hawahitaji kushauriwa kununua kompyuta ya mapajani badala ya ile ya mezani.

Jambo la mwisho ni kwa anayetaka kuvuka na fimbo yake kwenda Dar es Salaam kuwaonyesha wenzake. Kwenye mashine ya ukaguzi, iwe bandarini au uwanja wa ndege, mshikio wenye kifyatulio na chuma ndani huonekana kama kitu kingine kabisa. Usiufunge kwa nguo katikati ya begi. Fungua zile skurubu, zitenganishe nusu mbili za mninga ili swichi na waya vionekane, uweke juu kabisa, na umweleze mkaguzi kabla hajauliza.